Dua, Fumbo na Mizani: Maandishi ya Magari ya Abiria Dar es Salaam

Mtu atokaye Mbagala alfajiri kwenda Kariakoo, au atokaye Tandale na Mwananyamala kwenda Posta, husoma njiani ijapokuwa hakuchukua kitabu. Mbele yake, nyuma yake na ubavuni pake hupita magari yaliyoandikwa. Gari moja lamtukuza Mungu. La pili lamjibu jirani mwenye kijicho. La tatu lamshukuru mama. Sidhani kwamba yapo maandishi mengine ya Kiswahili yasomwayo na watu wengi hivi kwa siku moja, wala sijapata kuona mwanafunzi wa fasihi akiulizwa habari zake katika mtihani. Nakusudia hapa kuyapima maneno hayo kwa kipimo kile kile tupimacho mashairi: yametungwa vipi, nani ayasemaye, na amwambia nani. Kisha nitauliza jambo lililo zito zaidi, yaani imani iliyomo ndani yake ni imani ya namna gani.

Kwanza habari ya gari lenyewe. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, liliundwa mwaka 1974. Mabasi yake hayakutosha kwa mji uliokuwa ukikua, na magari ya watu binafsi yakawa yakibeba abiria kwa kujificha mpaka Serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983. Jina la daladala lasemwa kuwa latokana na nauli ya shilingi tano, kwa sababu sarafu ile iliitwa dala. Magari mengi yaliyokuja baadaye yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Madogo yakaitwa vipanya, makubwa zaidi yakawa ni Toyota Coaster. Mengine yalikuja na maandishi ya Kijapani ubavuni, labda jina la kampuni au la shule ya watoto, na maandishi hayo yakaachwa pale pale, hapana ayafutaye wala ayasomaye. Juu yake Serikali ikaweka maandishi yake, yaani jina la njia na mstari wa rangi, ili abiria ajue gari liendako. Yakabaki maandishi ya tatu, ambayo hayakuamriwa na mtu wala hayakuja na meli. Hayo ndiyo yanihusuyo.

Asije mtu akadhani kwamba desturi hii imeanza na injini. Watu wa pwani wamekuwa wakiandika juu ya vyombo na vitu vyao tangu zamani. Majahazi yana majina, na katika majina hayo jina la Mungu na maneno ya kuomba salama si haba. Milango ya Unguja imechongwa aya za Kurani juu ya kizingiti. Kanga zimebeba maneno tangu mwanzo wa karne iliyopita, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi, na kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, kilizichapa hapa hapa mjini. Tena tukumbuke kwamba watunzi wetu wa kale hawakuona haya kuzitaja zana za kazi yao pamoja na jina la Mola. Tendi huanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, kama ulivyoanza utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728. Na watunzi wengi, baada ya kumtaja, huagiza wino, kalamu na karatasi nzuri. Mwana Kupona binti Msham, mwaka 1858, alimwita binti yake aje karibu na kushika wino na karatasi kabla hajaanza kumpa wasia. Karatasi na wino vilikuwa ndivyo vyombo vya kisasa vya nyakati zile, navyo viliingizwa ndani ya ibada pasipo ugomvi. Basi atakayeona ajabu kuliona jina la Mungu juu ya kioo cha gari, na aanze kwa kustaajabu kuliona kabla ya wino.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Maneno ya magari ni ya namna mbili, na mwenye kuyachanganya hatayaelewa. Namna ya kwanza ni majina na matamko: Mashallah, Emanueli, Mungu Mkubwa, Yesu ni Jibu, Alhamdulillah. Haya hayana habari wala hayana hoja. Ni kutaja tu, kama mtu atajavyo jina la Mungu anapoinuka kitini. Namna ya pili ni kauli: Hasidi hana sababu. Subira yavuta heri. Riziki mafungu saba. Tenda wema nenda zako. Msomaji na ahesabu silabi. Ha-si-di-ha-na-sa-ba-bu: nane. Su-bi-ra-ya-vu-ta-he-ri: nane. Ri-zi-ki-ma-fu-ngu-sa-ba: nane. Te-nda-we-ma-ne-nda-za-ko: nane tena. Mizani nane ndiyo mizani ya mshororo wa utenzi, na ndiyo nusu ya mshororo wa shairi la mizani kumi na sita. Sisemi kwamba dereva wa Tandika alikaa akahesabu kwa vidole. Nasema kwamba sikio lake limelelewa na lugha iliyozoea kupumua kwa nane nane, na akichagua neno la kukaa nyuma ya gari lake, huchagua lile linaloingia masikioni bila kukwaruza. Matamko ya namna ya kwanza hayafuati kipimo hiki, wala hayana haja nacho, kwa kuwa jina halipimwi.

Aghalabu, wala si kanuni, namna ya kwanza hukaa mbele juu ya kioo, na namna ya pili hukaa nyuma. Jambo hili nililiona kwanza kuwa la bahati, lakini lina maana yake. Mbele ya gari kuna safari isiyojulikana, na huko huelekezwa jina la Mungu. Nyuma ya gari kuna watu: kuna gari jingine lililopitwa, kuna aliyeachwa kituoni, kuna jirani. Hao huelekezewa fumbo. Msomaji wa nyuma ni mtu aliyekwisha kuachwa, na kila aachwaye huwa tayari kidogo kudhani kwamba anasemwa. Mahali penyewe panatia nusu ya maana. Andika polepole ndio mwendo, nayo ni mizani nane vile vile, juu ya meza ya mwalimu, na hiyo ni nasaha; iandike nyuma ya kipanya kinachokata kona bila kuonyesha taa, na hiyo ni dhihaka, wala hujui ni dhihaka juu ya nani.

Atasema mtu kwamba methali si mali ya dereva; amezikuta, na mwenye kunakili hastahili kuitwa mtunzi. Hoja hii ina nguvu ikiwa twaamini kwamba kutunga ni kufanya neno ambalo halikuwapo. Lakini kwa kanga hatusemi hivyo. Saida Yahya-Othman, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika makala yake ya mwaka 1997 juu ya majina ya kanga, ametuonyesha kwamba mwanamke hajitungii jina la kanga, bali hulichagua na kulivaa. Na kwa kulivaa aweza kusema lile ambalo adabu yamkataza kulisema kwa mdomo. Akiulizwa, aweza kukana: ni kanga tu, nimependa rangi yake. Dereva naye ana kinga hiyo hiyo. Ukimwuliza hasidi wake ni nani, atasema maneno ni ya gari. Utunzi hapa ni kuchagua, kuweka mahali, na kuacha mlango wa kutokea. Hiyo ni kazi ya akili, na washairi wetu wa mafumbo waliifanya kwa fahari.

Hata hivyo gari lina tatizo ambalo kanga haina. Kanga avaaye ndiye mwenye kusema. Gari lina mwenyewe, lina dereva, lina kondakta, na lina fundi aliyeandika. Dereva wengi wa daladala si wenye magari. Hupewa gari asubuhi kwa sharti la kurudisha hesabu jioni, yaani fedha iliyokatwa na mwenye mali. Kinachozidi baada ya hesabu na mafuta ndicho chao yeye na kondakta wake, na kisipozidi hapana wa kumlalamikia. Basi neno la shukrani kwa Mungu lililo juu ya kioo ni shukrani ya nani? Huenda ni ya mwenye gari, ambaye kweli amepata. Huenda aliye chini ya neno hilo, mwenye kushika usukani tangu kabla ya adhana ya alfajiri mpaka usiku, ni Mwislamu chini ya Emanueli, au Mkristo chini ya Mashallah, na abiria wa dini zote wamekaa pamoja chini ya maneno yote mawili bila kuuliza. Watu wetu wameishi na jambo hili kwa utulivu ambao wataalamu wa dini hawajauandika vya kutosha. Lakini mhakiki hawezi kupita. Sauti ya mtungo wa gari ni sauti ya watu wawili wasio na hali moja, na mara nyingi hatuwezi kuwatenga.

Yapo maneno, walakini, ambayo mwenye gari hangeyaandika. Kazi mbaya, ukiwa nayo. Hilo ni la mfanyakazi. Maana yake ni kwamba mtu huiita kazi mbaya akiwa anayo. Aikose, ataijua thamani yake. Tena laweza kusomwa kinyume: ni mbaya hasa, na ubaya wake waujua uliye ndani yake. Mizani zake ni tisa, nne kwa tano, na kituo cha katikati chamfanya msomaji ajikwae kama abiria gari lifungapo breki. Kwangu mimi hili ni bora kuliko yote niliyotaja, na ubora wake watoka katika kuvunjika huko. Matteo Rizzo, aliyeandika juu ya wafanyakazi wa daladala makala ya mwaka 2011 na kitabu cha mwaka 2017, aliichukua kauli yao kwamba maisha ni vita akaifanya jina la makala yake. Alifanya vema kuisikiliza. Mtu mwenye kudharau maneno ya magari hajui kwamba humo mna habari za kazi zisizopatikana katika hesabu za wizara.

Nimefika katika lile nililoliita zito. Kuna watu wa namna mbili wanaoihukumu dini ya magari. Wa kwanza ni wachaji. Hao huona kwamba jina la Mungu, au aya, haifai kukaa mahali panaporukiwa na tope la njia za Buza na Yombo, karibu na matusi ya wapiga debe na muziki wa mapenzi. Na kwamba Mashallah ikibandikwa ili kuzuia jicho la hasidi, basi imegeuzwa hirizi. Siwezi kuwapuuza. Ni kweli kwamba katika desturi ya Waislamu maandishi matakatifu yana adabu zake, na ni kweli kwamba watu wengi hubandika neno hilo kwa kuogopa kijicho. Lakini hata mdomoni neno hilo lina kazi hiyo hiyo: mtu asifuye mtoto mzuri bila kulitamka huonwa kuwa ametaka kumdhuru. Gari ni mali, tena mara nyingi ni mali ya mkopo, nayo hupita barabarani mbele ya macho ya kila mtu. Hofu iliyoandikwa pale si ngeni kwa dini wala si ushenzi. Ni hofu ya mtu aliyeweka vyote alivyo navyo juu ya magurudumu manne.

Wa pili ni wasomi, na hao ndio niwalaumuo zaidi kwa kuwa ni wenzangu. Hao husema kwamba maneno kama Riziki mafungu saba humlaza maskini. Badala ya kuuliza kwa nini hesabu ni kubwa, huambiwa kwamba fungu lake limekwisha kukatwa mbinguni. Hoja hii husikika vizuri darasani. Barabarani haisimami. Mwaka 2015, mwezi wa Aprili na tena mwezi wa Mei, madereva wa mabasi waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwamo mikataba ya kazi. Abiria wa Dar es Salaam waliamka wakakuta vituo vimejaa watu na barabara hazina magari. Walioegesha magari siku zile ni wale wale wenye kuyaendesha chini ya maneno ya riziki na subira. Methali haikuwazuia. Nami nikiitazama tena methali hiyo naona kwamba haimtaji mwenye gari hata kidogo. Ikiwa riziki yakatwa na Mungu katika mafungu saba, basi anayekata hesabu kila jioni amejiweka mahali pasipo pake. Sidai kwamba kila dereva asoma hivyo. Nadai kwamba maneno yaweza kubeba usomaji huo, na mhakiki asemaye kwamba yanalaza tu hakuyasoma yote.

Ufundi wa kuandika nao umebadilika, na hapa nina majonzi kidogo ambayo sitayaficha. Zamani maneno haya yaliandikwa kwa mkono na mafundi wa rangi, wale wale waliochora vibao vya vinyozi na magenge. Herufi zilikuwa na unene wake na kivuli chake, na fundi akikosa nafasi alibana silabi ya mwisho ikapanda ukingoni. Sasa maneno hukatwa kwa mashine iongozwayo na kompyuta katika karatasi za plastiki zenye gundi, ziitwazo stika, na hubandikwa kwa muda mfupi. Kazi ni safi. Faida yake ni kwamba hata mwenye bajaji, ambaye zamani asingemlipa fundi wa rangi, aweza kununua neno lake. Hasara yake ni kwamba neno huwa limekwisha kukatwa tayari na kuning'inizwa dukani. Mtu huingia akachagua kama achaguavyo kitasa. Kanga nayo huuzwa hivyo, atasema mtu, na ni kweli. Lakini maneno ya kanga ni mengi mno kuliko yale ya duka la stika, na uchache wa maneno waua uchaguzi. Nikiona Mashallah ya aina moja, hati moja, rangi moja, juu ya magari kumi yafuatanayo katika barabara ya Kilwa, sisomi tena tamko la mtu, nasoma bidhaa.

Nyumba ya pili ya maneno haya siku hizi ni simu ya mkononi. Mtu huweka picha au kauli katika WhatsApp mahali paitwapo status, nayo hukaa saa 24 ikatoweka. Siku ya Ijumaa huletwa salamu za Ijumaa, siku ya Jumapili huletwa aya za Biblia, zote zikiwa zimepambwa maua na machweo, na aghalabu aliyezituma hakuziandika wala hamjui aliyeziandika. Hizi sitazihakiki, ni kadi za salamu. Lakini mafumbo nayo yamehamia huko, na huko yamepatwa na jambo geni. Mwanamke aliyevaa kanga uani kwa jirani hakujua kwa hakika kama jirani ameisoma. Dereva wa Temeke hajui ni nani aliyekuwa nyuma yake. Mwenye simu anajua, kwa kuwa chombo chamletea orodha ya walioangalia, majina yao na saa waliyoangalia. Nguvu ya fumbo la zamani ilikuwa katika shaka ya pande mbili: msomaji hajui kama amesemwa, na msemaji hajui kama amesikiwa. Chombo hiki kimeondoa shaka ya upande mmoja. Msemaji amekuwa hakimu mwenye daftari la mahudhurio. Naona kwamba ndiyo sababu ugomvi wa simu huwa mkali na mwepesi, hali ugomvi wa kanga uliweza kudumu miaka na majirani wakaendelea kuazimana chumvi.

Mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huyaita mwendokasi, yalianza kuchukua abiria mwezi wa Mei mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na daladala zikaondolewa katika njia ile zikapelekwa kwingine. Njia ya awamu ya pili imejengwa kupita barabara ya Kilwa mpaka Mbagala. Hayo ni mabasi mazuri, marefu, na mtu wa Kimara aliyekuwa akisimama saa mbili kituoni hatanisikiliza nikilalamika kwamba hayana methali. Ana haki. Dereva wa basi lile ana sare na ana mwajiri anayejulikana, na ikiwa ana mkataba, basi amepata lile ambalo wenzake walilidai mwaka 2015. Katika kubadilishana huko amepoteza kioo cha nyuma. Simwonei huruma. Lakini wanafunzi wa fasihi wangefanya vema kukusanya yaliyobaki kabla hayajabanduliwa, kila neno pamoja na mahali lilipokaa, mbele au nyuma, kwa rangi au kwa stika, na habari ya aliyelichagua kama atakubali kusema; kwa maana neno lililonakiliwa bila mahali pake limekwisha kupoteza nusu.

Mahali pa kuanzia ni kule ambako basi refu halifiki. Abiria ashukaye Rangi Tatu ili aende Chamazi au Kijichi hupanda bajaji au bodaboda, vyombo ambavyo sheria ilianza kuvipa leseni ya kubeba abiria mwaka 2010. Turubai ya nyuma ya bajaji ni ndogo kuliko kioo cha Coaster. Humo haingii mizani kumi na sita. Nane huingia, herufi zikibanwa kidogo.